Nani Alimtia Sangara Ziwa Victoria?

Mwaka 1960 wavuvi wa upande wa Uganda walianza kuopoa sangara kutoka Ziwa Victoria. Kwa mvuvi wa leo wa Ukerewe, Mfangano au visiwa vya Ssese hiyo si habari. Kwa wataalamu wa samaki waliokuwa Jinja wakati ule ilikuwa habari nzito, maana watumishi wa serikali za kikoloni walikuwa wangali wakibishana kwa barua na makala kama samaki huyo aingizwe ziwani au aachwe alikokuwa. Mabishano hayajafika mwisho, na samaki alikwisha kufika.

Hakufika kwa kuogelea. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu aliyezaliwa Mwanza au Homa Bay mwaka 1985 hajapata kuona ziwa lisilo na sangara, na ni rahisi kwake kumhesabu pamoja na kamongo, mumi na ningu, wenyeji wa tangu na tangu. Sangara ni mgeni. Historia yake humu ni fupi kuliko umri wa wazee wengi tulio nao, na karibu kila hatua yake ina mwaka, ina mahali na ina mkono wa mtu.

Wakenya humwita mbuta, Waganda mputa. Kwao ni kupana. Anaishi katika mto Nile, Ziwa Chad, mito ya Niger, Volta na Senegal, na sehemu za bonde la Kongo. Wamisri wa kale walimtukuza. Katika mji wa Esna, ambao Wagiriki waliuita Latopolis kwa ajili yake, walimkausha kwa dawa na kumzika kama walivyozika wafalme wao. Karibu na kwetu alikuwamo tangu zamani katika Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Akikua sana huweza kupita mita moja na nusu, na wapo waliofika mita mbili. Ni samaki anayekula samaki, na jike mmoja mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni.

Kilichomzuia asipande hadi Victoria ni mwamba. Huko Murchison, maji yote ya Nile ya Victoria hujibana katika mwanya wa mita saba hivi, kisha huanguka zaidi ya mita 40. Chini ya maporomoko hayo walikuwapo sangara. Juu yake, katika Ziwa Kyoga na Ziwa Victoria, hawakuwapo. Huko juu, katika maji yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, lilikuwa limezaliwa jambo ambalo wanasayansi wa dunia nzima walikuja kulistaajabia. Ziwa lilikauka kabisa, au karibu kabisa, miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Lilipojaa tena, samaki wadogo wachache waitwao furu walizaana na kugawanyika hadi wakawa aina zaidi ya 500. Wako waliokula konokono, waliokwangua mwani kwenye mawe, waliokula wadudu wa matopeni, waliokula magamba ya wenzao, na hata waliokuwa wakinyonya mayai na vitoto kutoka kinywani mwa majike wa aina nyingine. Kwa hesabu ya miaka ya viumbe, muda huo ni kufumba na kufumbua.

Lakini ofisa wa kikoloni aliyekuja na ufito wake wa kuvulia hakuona hayo. Aliona visamaki vya urefu wa kidole, vyenye miiba, visivyostahili ndoana yake.

Hapa lazima tukumbuke desturi ya wakati ule. Walowezi walipofika nyanda za juu za Kenya waliikuta mito baridi ya Aberdare na Mlima Kenya ikipita bila samaki waliowazoea kwao. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, na vifaranga vilivyoanguliwa vikatiwa katika mto Gura. Baadaye ikaletwa trauti ya rangi ya upinde wa mvua. Mwishoni mwa miaka ya 1920 samaki aina ya basi, mwenye kinywa kikubwa, aliletwa kutoka Marekani na kutiwa Ziwa Naivasha, kwa ajili ya mchezo uleule wa ndoana. Naivasha ilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo sana, asiyepatikana kwingine. Tangu miaka ya 1960 hajaonekana tena. Kuhamisha samaki kulihesabiwa kuwa ni kuiboresha nchi, kama kupanda miti ya kigeni kandokando ya barabara. Klabu za wavuvi wa burudani zilikuwa na sauti serikalini, kwa kuwa mara nyingi mwanachama wa klabu na ofisa wa serikali alikuwa mtu yuleyule.

Sangara alikuwa ndiye mfalme wa mchezo huo. Chini ya maporomoko ya Murchison wageni walikuwa wakija kumtega kwa ndoana, na samaki mmoja angeweza kumchosha mtu mzima kwa muda mrefu kabla ya kuletwa ukingoni. Wazo la kuwa naye katika ziwa kubwa kuliko yote barani, karibu na Entebbe, Kisumu na Mwanza, liliwavutia wengi.

Onyo la kwanza lilikuwa limekwisha kuandikwa. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alifanya uchunguzi wa kwanza mpana wa uvuvi wa Ziwa Victoria. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, nyavu za makila zikaingia mwaka 1905, na ngege, samaki mtamu kuliko wote ziwani, akaanza kusafirishwa kwenda Nairobi. Graham aliona kwamba ngege anapungua, akashauri macho ya nyavu yasipungue inchi tano. Kuhusu kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka kwingine, alitahadharisha kwamba ni jambo la hatari lisilofaa kufanywa bila utafiti wa kina. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1929. Waliokuja baada yake waliisoma.

Ngege hakupona. Nyavu ziliongezeka, sheria ya inchi tano ikashindwa kusimamiwa, na katikati ya miaka ya 1950 nchi zikaanza kuilegeza. Hapo ndipo pande mbili zikasimama. Upande mmoja ulikuwa Idara ya Wanyamapori na Uvuvi ya Uganda, ambayo mkuu wake katika miaka ya 1950 alikuwa Bruce Kinloch, mtu aliyeupenda sana uvuvi wa ndoana. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: ziwa limejaa furu, nao furu hawana thamani sokoni, mlete samaki mkubwa awale, naye tumle. Furu wageuzwe kuwa minofu. Tena watalii watakuja na fito zao, na serikali itapata mapato. Upande wa pili walikuwapo watafiti wa shirika la uvuvi la Afrika Mashariki lililoanzishwa Jinja mwaka 1947. Miongoni mwao Geoffrey Fryer, aliyewahi kuwachunguza samaki wa Ziwa Nyasa, aliandika mwaka 1960 kupinga mpango huo hatua kwa hatua. Alieleza kwamba kila ngazi ya ulaji hupoteza sehemu kubwa ya chakula: kilo nyingi za furu huliwa ili ipatikane kilo moja ya sangara, kwa hiyo ziwa litatoa samaki kidogo, si zaidi. Akaongeza neno lililo zito kuliko hesabu hiyo, kwamba jambo hili likishafanywa halirudishwi.

Katika mabishano yote hayo sijaona mahali ambapo wavuvi wa ziwa waliulizwa. Wajaluo, Wasuba, Wakerewe, Wasukuma, Wahaya, Waganda na Wasoga walikuwa wakiishi kwa ziwa hilo vizazi na vizazi. Walijua majira ya ningu kupanda mitoni na mahali pa kumpata kamongo wakati wa kiangazi. Neno lao halikuhitajiwa.

Wakati Fryer anaandika, hoja ilikuwa imekwisha kupitwa. Katikati ya miaka ya 1950 sangara walitiwa rasmi Ziwa Kyoga, kwa maelezo kwamba ni majaribio. Kyoga na Victoria vimeunganishwa na mto mmoja. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alizindua bwawa la umeme la Owen Falls, na wapo waliodai baadaye kwamba samaki wa Kyoga walipenya wenyewe bwawani hapo wakapanda hadi Victoria. Maelezo hayo yaliwafaa wengi, kwa kuwa hayakumtaja mtu.

Mwaka 2005 mtafiti Robert Pringle alichapisha katika jarida la BioScience makala iliyofuatilia barua za kiofisi na ushahidi wa waliokuwapo. Miongoni mwao yumo Ofulla Amaras, aliyekuwa mtumishi wa idara ya Uganda. Alieleza kwamba mwaka 1954 alipanda sangara kwa siri Jinja, kwa maagizo ya wakubwa wake, samaki wakiwa wametolewa Ziwa Albert. Basi miaka sita kabla ya samaki wa kwanza kutangazwa, na huku serikali ikijionesha kwamba inasubiri ushauri wa kitaalamu, watu wa serikali hiyohiyo walikuwa wamelimaliza jambo kimyakimya huko Jinja. Naona hili ndilo tendo baya kuliko yote katika historia hii. Kukosea katika mjadala ulio wazi ni jambo moja. Kuufanya mjadala uendelee ilhali umeshaamua kwa niaba ya kila mtu ni jambo jingine.

Samaki walipoanza kuonekana, ubishi ulikufa wenyewe. Mwaka 1962 na 1963 wengine walitiwa waziwazi, Entebbe na Kisumu, kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Hoja ikawa kwamba kwa kuwa yumo tayari, aongezwe.

Kisha ziwa likanyamaza karibu miaka 20. Kati ya 1969 na 1971 meli ya utafiti iitwayo Ibis ilikokota nyavu katika ziwa zima, na zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki waliopatikana walikuwa furu. Sangara walikuwa wachache mno. Waliomleta wangeweza kusema hofu ilikuwa bure. Kwa nini alichelewa hivyo? Wanasayansi wameleta sababu kadhaa, na inaelekea zote zina sehemu yake. Furu wenyewe walikuwa wakila mayai na vitoto vya sangara, kwa hiyo wingi wao ulimzuia. Baadaye meli za kukokota zilianza kuwavua furu kwa wingi, Mwanza pakawa na kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha kuku, na kizuizi kikapungua. Tena mashamba yalikuwa yanasogea hadi ukingoni, misitu inakatwa, miji inamwaga maji machafu, na ziwa likaanza kubadilika rangi.

Ukitaka kuona kuenea kwake ulipofika wakati, fuata ghuba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sangara walifurika Ghuba ya Winam upande wa Kenya. Baada ya muda mfupi upande wa Uganda ukafuata. Ghuba ya Mwanza ilifikiwa katikati ya muongo huo. Huko kulikuwa na mashahidi, kwa kuwa tangu mwaka 1977 timu ya watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilikuwa imekuja kuwachunguza furu. Frans Witte na wenzake walikuwa wanavua sehemu zilezile, mwezi baada ya mwezi, wakihesabu aina na idadi. Walikuja kuandika kuhusu uhai, wakajikuta wanaandika kuhusu kutoweka. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, aliitoa habari hiyo katika kitabu kilichosomwa sana Ulaya. Sehemu walikokuwa wakipata furu wa rangi zote kwa maelfu, kufikia mwaka 1987 nyavu zilikuwa zinapanda na sangara, kamba wadogo na dagaa, na karibu hakuna furu tena.

Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilipotea. Nyingine zilipotea kabla hazijapewa jina. Wapo wanaoliona jambo hili kama huzuni ya wataalamu tu, kwani furu ni furu. Siafikiani nao. Furu waliokula mwani na mabaki ya matopeni walikuwa wakiyasafisha maji ya ziwa. Walipoondoka, mwani uliachwa ukue, ukafa, ukaoza chini, na kuoza huko kukala hewa ya maji. Sehemu kubwa ya kina cha ziwa ikawa haina oksijeni kwa miezi mingi ya mwaka. Maji yaliyochafuka yakaleta tena msiba mwingine uliogunduliwa na Ole Seehausen na wenzake mwaka 1997. Jike la furu humchagua dume kwa rangi yake, mwekundu au wa buluu. Maji yakiwa na tope, rangi hazionekani; majike huchagua wasichokiona sawasawa, na aina mbili zilizokaa mbalimbali maelfu ya miaka huchanganyika zikawa moja. Kwa hiyo hata walionusurika na meno ya sangara waliweza kufutwa na uchafu wa maji.

Ngege na ndugu yake mbiru nao walikaribia kwisha kabisa katika ziwa kuu. Hapa si haki kumtwika sangara mzigo wote. Walikuwa wamevuliwa mno, na katika miaka ya 1950 aliletwa pia sato, samaki wa Nile, aliyewanyang'anya makazi na kuzaana nao. Sato tunampenda leo na bei yake iko juu. Naye ni mgeni vilevile. Wa asili aliyesimama imara katika dhoruba yote hiyo ni dagaa, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda mukene. Usiku, taa za wavuvi wake bado zinawaka ziwani.

Tukiishia hapo tutakuwa tumeeleza nusu ya habari, na watu wa mialoni watatukatalia. Kwanza walimchukia. Alikuwa akizipasua nyavu za macho madogo, na mafuta yake mengi hayakuwaruhusu kina mama kumkausha juani kama walivyozoea kuwakausha furu na ngege. Ilibidi abanikwe au akaangwe, na kuni zikakatwa visiwani kwa ajili hiyo. Lakini samaki ziwani walikuwa wengi kuliko wakati wowote unaokumbukwa. Kabla ya 1980 ziwa zima lilitoa tani zipatazo 100,000 kwa mwaka. Kufikia 1990 lilikuwa likitoa karibu tani 500,000, na zaidi ya nusu walikuwa sangara. Hesabu ya Fryer kuhusu wingi wa samaki haikutimia kwa namna alivyotarajia, na kwa heshima ya ukweli lazima isemwe hivyo. Sangara alipowamaliza furu aligeukia kamba wadogo, dagaa na hata watoto wake mwenyewe, akaendelea kunenepa.

Viwanda vya minofu vikaja, kwanza Kenya, kisha Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mwanza, Musoma na Bukoba. Ndege za mizigo zikawa zinatua Mwanza na kuondoka na minofu kwenda Ulaya. Vijiji vya mialoni vilikua vikawa miji. Watu walijenga, walisomesha, wakanunua injini. Wakati huohuo uvuvi ulitoka mkononi mwa mwenye mtumbwi ukaingia mkononi mwa tajiri wa boti na wakala wa kiwanda, kwa kuwa nyavu za sangara na barafu vina gharama. Kina mama waliokuwa wakinunua ngege ukingoni na kumuuza sokoni waliambiwa samaki wazuri ni wa kiwanda. Wao wakabakiwa na mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyokwisha kutolewa minofu, ambayo Wakenya waliyaita mgongo wazi. Waliyakaanga, wakayauza, wakalea watoto kwayo. Ni kazi inayostahili heshima. Ila mlo wa samaki wa watu waishio ukingoni mwa ziwa haukupaswa kufika hapo.

Soko nalo lilikuwa na hasira zake. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulifunga milango yake mara kwa mara, mara kwa sababu ya vijidudu, mara kipindupindu, mara sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi, na kila mara bei mialoni ilianguka. Njia ya jirani haikufungwa: sangara wa chumvi, kayabo, aliendelea kwenda Kongo, na anakwenda hadi leo. Siku hizi bondo lake, kifuko cha hewa kilichomo tumboni, hutafutwa na wanunuzi wa China kwa bei inayoweza kuushinda mnofu wenyewe.

Na wale waliomtaka kwa ajili ya ndoana? Walimpata. Mwaka 1991 karibu na kisiwa cha Rusinga alivuliwa kwa ndoana sangara wa ratili 191 na nusu, yaani kilo 87 hivi, na kwa miaka kadhaa akahesabiwa kuwa mkubwa kuliko wote duniani waliovuliwa kwa njia hiyo. Rekodi ikahamia Ziwa Nasser, Misri, nchi aliyokuwamo tangu asili. Huko mwaka 2000 alivuliwa mmoja wa ratili 230, zaidi ya kilo 104. Kambi za wavuvi wa burudani zilijengwa Rusinga, Mfangano na Rubondo. Mapato yake hayakukaribia hata kidogo yale ya viwanda, wala hayakuwa sababu ya kutosha kulibadilisha ziwa.

Hamu hiyo ilivuka bahari. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 jimbo la Texas, Marekani, liliwatia sangara katika mabwawa ya kupozea mitambo ya umeme, ambako maji huwa na vuguvugu, ili wavuvi wa ndoana wapate mnyama mkubwa wa kushindana naye. Baridi iliwamaliza, na leo kumfuga huko ni marufuku. Queensland, Australia, ilitaka kufanya vivyo hivyo katika mabwawa yake. Iliwaleta sangara, ikawaweka karantini katika kituo cha utafiti, ikauliza maswali, ikasikia yaliyokuwa yakitokea Ziwa Victoria, na katikati ya miaka ya 1980 ikaacha. Ikaamua kumzalisha baramundi, ndugu yake sangara aliye wa asili ya Australia. Kwa hiyo maswali yaleyale yaliyoulizwa Jinja mwaka 1960 yaliulizwa Queensland, na huko majibu yalisubiriwa. Waliokuwa na haki ya kusubiriwa hivyo kabla yao ni watu wa Ziwa Victoria.

Sangara sasa amepungua. Nyavu haramu, makokoro na migonzo ya ndoana ndogo vinawatoa wadogo kabla hawajazaa, na viwanda kadhaa vimefunga milango. Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, iliyoundwa mwaka 1994 na yenye makao Jinja, iliafikiana na nchi tatu kwamba wavuliwe wale wa kati ya sentimita 50 na 85 tu, ili wachanga wakue na wazazi wakubwa wabaki. Uganda iliwaingiza wanajeshi kusimamia sheria mwaka 2017. Tanzania ikafuata na Operesheni Sangara mwaka 2018. Nyavu zilichomwa mialoni, mitumbwi ikachukuliwa, wengi walifilisika. Sheria ya kumlinda mchanga ninaiunga mkono. Lakini ukali wote wa historia hii umemwangukia mtu wa mwisho, mwenye mtumbwi, ambaye hakuulizwa wakati samaki analetwa wala hakuulizwa bei inapopangwa. Hata samaki mwenyewe anaadhibiwa na maji machafu: mapema mwaka 2021 sangara wengi walielea wakiwa wafu, hasa upande wa Uganda, na wataalamu wakataja dhoruba zilizoyachanganya maji yasiyo na oksijeni.

Kila sangara anapopungua, furu hurudi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wameonekana tena kwa wingi katika ghuba ya Mwanza na kwingineko, japo ni aina chache kati ya zile za zamani, na baadhi wamebadilika miili na chakula. Aina nyingine zipo leo katika matangi ya vioo tu, Ulaya na Marekani.

Na yapo maji ambayo sangara hajaingia, au hawezi kuyatawala. Katika Ziwa Nabugabo, Uganda, aliwekwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini samaki wa asili wamejificha katika vinamasi vya mafunjo vinavyolizunguka. Maji ya humo yana hewa kidogo, wenyeji wameizoea, sangara haiwezi. Katika kinamasi cha Yala, Kenya, lipo Ziwa Kanyaboli, na humo ngege yungali hai, pamoja na furu waliopotea katika ziwa kuu. Samaki hao wamesalia kwa sababu mafunjo hayajafyekwa yote, na huko Kanyaboli kwa sababu sangara hajapelekwa.

Ombi langu ni kwa watu watatu. Mfugaji anayeishi jirani na Kanyaboli, Nabugabo au kiziwa chochote chenye samaki wake wa asili: usimwage humo vifaranga vya samaki wa kutoka kwingine, hata kama vimebaki na hata kama umepewa bure. Mwenye kambi ya wavuvi wa burudani: sangara yupo Victoria, Albert na Turkana, mpeleke mgeni wako huko. Na ofisa wa uvuvi atakayeletewa pendekezo la kupanda samaki mgeni mahali popote: liweke wazi, liite kikao mwaloni, na kabla ya kikao hicho lori la samaki lisiondoke.